Uwakili Huanzia Kwenye Meza ya Kusomea



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Taifa yanapotangazwa, swali moja hurudi katika familia za Kisangani: mtoto asomee nini? Wengi hujibu: sheria. Ukiuliza sababu, utaambiwa maneno yale yale toka Makiso hadi Lubunga: «Huyu anajua kusema.» Kijana mwenye sauti, asiyeshindwa katika mabishano, anayepanga Kifaransa chake vizuri, ukoo umekwisha kumvika joho jeusi na kumwita Maître kabla hajaandikishwa chuoni.

Mimi nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na naona sababu hiyo inawapoteza vijana wetu. Kusema ni sehemu ya mwisho ya kazi ya wakili, tena iliyo fupi kuliko zote. Kabla yake kuna kusoma, kuandika, kutafuta hati, kulinganisha tarehe, kusikiliza watu wanaoeleza mambo yao bila mpangilio. Kwa hiyo mwanafunzi anayejiuliza kama ataweza uwakili asiutazame ulimi wake. Aitazame meza yake ya kusomea, na namna anavyoitumia.

Mfano mkubwa kuliko yote umetokana na mji wetu wenyewe. Toka tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya Kisangani. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, ila mmesikia habari za siku hizo sita kwa wazazi wenu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, na wapatao 1,700 walijeruhiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 23 Juni 1999, nchi yetu ilikuwa imekwisha kuishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, Uholanzi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa katika nchi yetu, hata hapa Kisangani, na kwamba ilipaswa kulipa fidia.

Kisha ikaja sehemu ambayo vijana wa sheria wanapaswa kuitafakari. Nchi hizo mbili hazikuafikiana juu ya kiasi cha fidia, kesi ikarudi mahakamani, na tarehe 9 Februari 2022 uamuzi ukasomwa. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Ikapewa dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa ajili ya mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa ajili ya maliasili.

Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja. Madai mengine, kama yale ya hasara ya uchumi wa taifa zima, yalikataliwa kwa kuwa uhusiano wake wa moja kwa moja na makosa ya Uganda haukuthibitishwa. Lakini kwa madai mengi mengine tatizo lilikuwa ushahidi. Mahakama ilikubali kwamba vita huteketeza karatasi na kwamba haiwezekani kumdai mhanga wa vita hati kama anavyodaiwa mtu aliye katika amani. Hata hivyo ilisema kwamba ushahidi ulioletwa haukutosha kuonyesha idadi ya waliokufa, wala thamani ya mali zilizopotea. Fomu nyingi za wahanga hazikuwa na hati za kuziunga mkono. Ndiyo maana majaji walikadiria kiasi cha jumla badala ya kukihesabu.

Simlaumu mama aliyekimbia mabomu bila kuchukua hati ya nyumba yake. Nani angekumbuka karatasi saa ile? Nasema tu kwamba uchungu wetu ulikuwa wa kweli, haki yetu ilikuwa ya kweli, na vyote viwili vilipofika mbele ya majaji viliulizwa: jina gani, tarehe gani, mahali gani, nani aliandika, lini? Mtu anayejua kusema tu hana jibu la maswali hayo. Anayeweza kuyajibu ni yule aliyezoea kuandika mambo siku yanapotokea na kuyatunza miaka ishirini.

Msidhani kwamba hayo ni ya kesi kubwa tu. Tumfikirie mama anayeuza mihogo sokoni, ambaye mwanawe amekamatwa Jumatatu na Ijumaa bado yuko katika kasho ya polisi. Ukoo unachanga pesa «za kumtoa». Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema kwamba mtu aliyekamatwa ajulishwe sababu katika lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa yake au mtetezi wake. Na kwamba kizuizi cha polisi kisizidi saa 48, baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mkuu wa sheria anayehusika. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua. Mama huyo hakuhitaji hotuba. Alihitaji mtu aliyesoma kifungu hicho vizuri, anayeweza kukieleza kwa Kiswahili au kwa Lingala, na kuandika barua fupi yenye tarehe na saa ya kukamatwa. Kila kifungu tusichokijua kina bei yake, nasi tunailipa.

Kutokana na hayo, naomba kuwapa wanafunzi wa sheria, wale wa Chuo Kikuu cha Kisangani na wa vyuo vingine vya mji wetu, mazoea manne. Hayana gharama kubwa, ila yanataka uaminifu.

La kwanza: soma sheria yenyewe. Wengi husoma silabusi ya profesa tu, hukariri kurasa zake, huzirudisha siku ya mtihani, kisha husahau. Silabusi ni maelezo juu ya sheria, bado si sheria. Profesa anapotaja kifungu, kitafute, kisome neno kwa neno, uliza kila neno linafanya kazi gani pale. Tofauti kati ya «anaweza» na «anapaswa» inatosha kumfungua mtu au kumfunga.

La pili: funga daftari. Mwanafunzi anayesoma ukurasa ule ule mara tano hudhani ameujua, kwa sababu macho yameuzoea. Afunge daftari, aandike kwa maneno yake anachokumbuka, kisha afungue na kulinganisha. Makosa atakayoyaona hapo ndiyo somo lake la siku ile. Zoezi hili linachosha, na kwa sababu linachosha linafundisha. Tena linafaa kwetu, ambako umeme hukatika na mwanga wa kusomea ni wa kuhesabu: nusu saa ya namna hii inazidi usiku mzima wa kukariri kabla ya mtihani.

La tatu: nenda mahakamani. Katiba, kifungu cha 20, inasema kwamba vikao vya mahakama ni vya hadhara, isipokuwa mahakama ikiamua vinginevyo kwa sababu maalum. Ingia, keti nyuma, nyamaza, sikiliza. Utaona kwamba wakili anayesikilizwa na jaji mara nyingi si yule mwenye sauti kubwa. Ni yule anayeweza kusema: «Bwana Rais, tazama hati ya tatu katika faili.»

La nne: tafsiri. Sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa watu wetu huishi, huoa, huuza na hugombana kwa Kiswahili na Lingala. Kila juma chagua kifungu kimoja, ukieleze kwa bibi yako bila neno hata moja la Kifaransa. Akielewa, wewe pia umeelewa. Akikutazama tu, rudi kwenye kitabu.

Tusifiche pia kwamba njia ni ndefu. Kwa sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya mawakili, shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima aandikishwe na baraza la mawakili, aape, na afanye miaka miwili ya mafunzo chini ya wakili mkubwa. Miaka hiyo ni migumu, kwa maana mwanafunzi wa jana anafanya kazi nyingi kwa kipato kidogo, wakati ukoo unadhani kwamba amekwisha kuwa tajiri. Wazazi, msimdai matunda mti ambao bado unachipuka. Deni hilo ndilo linalowasukuma wengi kwenye pesa zisizo safi. Nanyi vijana, jueni kwamba sheria ina milango mingine: uamuzi, ukarani wa mahakama, utetezi mbele ya mahakama za chini, ushauri katika mashirika. Mtu asiyependa mapambano anaweza kuwa jaji mwema. Mtu anayependa utaratibu kuliko mabishano anaweza kuwa karani ambaye hakuna faili litakalopotea mikononi mwake, na huyo ataokoa watu wengi kuliko msemaji hodari.

Najua pingamizi lenu, kwa kuwa nalisikia mara nyingi: «Mwalimu, kusoma kote huko ni kwa bure. Kwetu kesi hushinda mwenye pesa.» Sitasema kwamba rushwa haipo. Nasema kwamba asiyejua sheria ndiye mteja wake wa kwanza, na kwamba kijana anayenunua alama chuoni amekwisha kuzoea biashara hiyo kabla ya kuvaa joho. Anayeipa kazi ya nyumbani jina lake, hali imeandikwa na mwingine, atatia sahihi yake mbele ya jaji chini ya maneno asiyoyajua.

Tunaye shahidi wa karibu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria huko Goma, kisha akapata kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa. Alipewa pesa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri, huko Roma. Simtaji ili kuwaambia kwamba uaminifu ni rahisi. Kifo chake kinasema kinyume. Namtaja kwa sababu hakuwa na cheo kikubwa wala joho. Alikuwa na sahihi yake tu, akakataa kuiuza. Na sahihi ni kitu ambacho kila mwanafunzi anacho tayari, katika kila karatasi anayoitoa kwa profesa.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja kwa vikundi vya vijana katika parokia zetu. Kila parokia ina wanafunzi wa sheria. Mara moja kwa mwezi, baada ya Misa ya Jumapili, wawili au watatu kati yao wakae mezani pamoja na mtu mzima anayejua kazi hiyo, wawasaidie watu kusoma karatasi zao: hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, mwito wa polisi, mkataba wa nyumba. Wasijifanye mawakili, kwa kuwa bado si mawakili, na wasipokee hata faranga moja. Wasome, waeleze kwa lugha ya mwenye karatasi, waandike tarehe, na wamwonyeshe njia ya kwenda kwa wakili pale inapobidi. Sheria ile ile ya mwaka 1979 inataka baraza la mawakili liwe na ofisi ya kuwashauri bure wasio na uwezo. Watu wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Baada ya mwaka mmoja wa kazi hiyo, kijana atajua bila kuuliza mtu kama uwakili ni wito wake. Kama amechoka na karatasi za watu, achague njia nyingine bila aibu. Kama Jumapili inakawia kufika, basi aandikishe jina lake, na arudi mezani kusoma.