Jina Langu, Siri Yenu

Na Bahati wa Rubondo

Jumatatu nilimsindikiza jirani yangu, mama Mkongo anayeuza vitenge Base Camp, humu kwenye makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, hadi ofisi moja ya mikopo mjini Mbarara. Huyu hulipa deni kabla ya kudaiwa, na kwenye kikundi chake cha akiba ni mmoja wa washika funguo za sanduku. Kijana wa kaunta akabonyeza kompyuta, akakigeuzia kioo upande wake kama mcheza karata. "Mama, huna rekodi ya kukopa."

"Nionyeshe basi hiyo karatasi inayosema sina."

Kijana akacheka. "Hiyo ni ya ofisi, mama."

Ya ofisi! Jina lake, deni lake, jasho lake, halafu karatasi ya ofisi? Tangu 2008 Uganda ina wakala wa kutunza taarifa za wakopaji, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Kanuni zinampa mkopaji haki ya kuiona taarifa yake na kudai kosa lisahihishwe. Nilipomwambia hivyo, bwana mdogo akaniuliza kama mimi ni wakili. Shemeji yangu anasema ningejibu ndiyo. Shemeji anadaiwa hadi na muuza chapati, ila ushauri hakukopeshi, anakupa bure.

Na kosa lipo. Zamani kusajili laini ya simu kwa kadi ya ukimbizi kulikuwa shida tupu, kwa hiyo tuliazima majina. Laini ya mama ina jina la bwana mmoja wa Isingiro. Mwaka 2019 serikali iliruhusu kadi zetu zitumike, lakini nani alirudi kubadilisha? Kila mkopo wa simu ambao mama amelipa kwa wakati umeandikwa kwa yule bwana. Mama kauza vitenge juani, alama nzuri kachuma mwingine.

Msiniambie mkimbizi hakopesheki. Watu wa mikopo wa UGAFODE hawakufungua tawi humu Nakivale mwaka 2020 kwa kutuonea huruma. Tatizo ni maofisa wanaofanya taarifa ya mtu kuwa siri dhidi yake mwenyewe.

Wewe unayesoma hapa, angalia leo laini yako ina jina la nani. Ukienda kukopa, dai karatasi yako kwanza, na anayekukatalia mwombe akatae kwa maandishi. Nawe bwana wa Isingiro, siku benki ikikusifu kwa uaminifu, mnunulie mama walau soda.