Walimu, mkopo na gari la viti viwili

Miaka miwili iliyopita nilitia sahihi yangu katika fomu ya mkopo ya rafiki yangu, mwalimu wa shule ya upili ambaye tulisoma naye chuoni. Mahali palipoulizwa sababu ya kukopa, alikuwa ameandika neno moja tu: maendeleo. Sikumwuliza ni maendeleo gani. Tulikunywa chai, nikaandika nambari yangu ya uanachama, nikaenda zangu darasani kufundisha fonolojia. Baada ya mwezi mmoja niliyaona maendeleo hayo kwa macho yangu: gari jekundu la spoti kutoka Ulaya, lenye viti viwili na paa la kukunjika, lililoundwa kabla rafiki yangu hajaajiriwa. Leo gari hilo liko nyuma ya nyumba yake, limefunikwa turubai, na giaboksi yake imo ndani ya beseni. Mkopo umebakiza miezi 31. Wadhamini tuko watatu.

Siandiki haya kumcheka. Mimi pia nina kiu hiyohiyo, na nimekuwa nayo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, wakati ukuta wa chumba changu bwenini ulipokuwa na picha mbili: ya mama yangu, na ya gari. Wapo wasomi wanaodai kwamba kwao gari ni chombo tu cha kuwafikisha kazini. Siwaamini. Wangekuwa na hakika na maneno hayo, wasingegeuza shingo kila linapopita gari la aina hiyo katika barabara ya Waiyaki. Hata lugha yetu haijaamua imwite nani mnyama huyu. Tafsiri ya “gari la michezo” humfanya msomaji afikirie basi la timu ya voliboli, kwa hiyo nitasema gari la spoti, na wasanifu wenzangu wanisamehe.

Swali ambalo rafiki yangu hakujiuliza, wala mimi mdhamini wake sikumwuliza, ni hili: kwa nini gari lililokuwa likiuzwa kwa mamilioni mengi liwe leo na bei inayokaribia ya Toyota Premio? Jibu ni kwamba wenye kulijua wamelikimbia. Bei ya gari hushuka kila mwaka, ilhali bei ya breki zake, shokomzoba zake na kompyuta yake haishuki. Spea za gari la kifahari hazijapata habari kwamba gari lenyewe limezeeka. Anayelipata kwa bei ya Premio atalitengeneza kwa bei ya gari la mkurugenzi, na mshahara wake ni ule wa mwalimu.

Kuna jambo la pili ambalo ni letu hasa hapa Kenya. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Maana yake ni kwamba gari la spoti ambalo mwalimu anaweza kulimudu, lile la mwaka wa 2003 au 2005, haliwezi kuagizwa leo kutoka Japani likiwa na karatasi zake za mnada. Liko hapahapa tayari. Limepita mikononi mwa watu watatu au wanne, na historia yake ya miaka kumi na zaidi haimo katika daftari lolote ila katika vichwa vya hao watu, na vichwa hivyo vina sababu nzuri ya kusahau.

Acha nitaje magari matatu ambayo nimeyachunguza kwa muda wa mwaka mzima, kwa kuwa mazungumzo ya jumla hayamsaidii mtu anayetaka kununua.

La kwanza ni Porsche Boxster ya kizazi cha kwanza, iliyouzwa tangu mwishoni mwa 1996 hadi 2004. Ni gari tamu, injini imelala katikati nyuma ya viti, na uzani umegawanyika vizuri mbele na nyuma. Lakini ndani ya injini hiyo mna beringi moja inayoshikilia mhimili wa kati, na beringi hiyo inapovunjika, vipande vya chuma huingia katika mafuta na injini nzima hufa. Huko Marekani wenye magari waliishtaki kampuni, na mwaka wa 2013 pakawa na mapatano kuhusu baadhi ya magari yaliyoundwa kati ya 2001 na 2005. Si kila injini hufa. Hata hivyo beringi hiyo hufikiwa kwa urahisi wakati giaboksi imeshushwa ili klachi ibadilishwe, kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni moja: klachi ilibadilishwa lini, na risiti ya beringi iko wapi? Akikwambia hajui beringi gani unayoizungumzia, umekwisha kujibiwa.

La pili ni Mercedes SLK ya kizazi kilichoanza mwaka wa 2004, hususan yenye injini ya mitungi sita. Katika injini za mwanzo za aina hiyo, hadi takriban mwaka wa 2006, gia ya mhimili wa kusawazisha ilikuwa ya madini dhaifu, ikawa inalika meno kabla ya wakati wake. Gia yenyewe ni ndogo. Msiba ni kwamba ili kuibadilisha, aghalabu injini hutolewa yote. Zaidi ya hayo paa lake la chuma hufunguka na kufungwa kwa pampu na mirija ya mafuta, na mirija huzeeka kama sisi. Mnunuzi afungue na kufunga paa hilo mara tatu mfululizo, sio mara moja, kisha asubiri aone kama kuna tone linalodondoka.

La tatu ni Toyota Soarer iliyotoka mwaka wa 2001, ambayo ng'ambo ilijulikana kama Lexus SC430. Mwaka wa 2012 watangazaji Jeremy Clarkson na James May wa Uingereza waliliita gari baya zaidi katika historia ya ulimwengu. Hukumu hiyo ilinichekesha, na kwa kiasi fulani naielewa, maana gari hili ni zito, halipindi kona kwa ukali, na mtu aliyezoea Porsche ataliona kama kochi lenye magurudumu. Lakini Waingereza wale hawatafuti spea mtaani Grogan. Injini yake ya mitungi minane, yenye ukubwa wa sentimita 4,300 za ujazo, ndiyo iliyotumiwa pia katika Toyota Celsior na Crown Majesta, na haina kilema kikubwa kinachojulikana, almuradi mkanda wa taimingi ubadilishwe kila baada ya kilomita 100,000. Kinachotisha ni unywaji wake wa petroli. Huo angalau hauji kwa ghafla. Unauona kila wiki kituoni na unaweza kuupangia.

Sasa niingie katika shamba langu, ambalo ni lugha. Nimesoma matangazo mengi ya magari haya na naona wauzaji ni wanasarufi hodari kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu. Tazama kauli yao wanayoipenda: gari limetunzwa vizuri. Limetunzwa na nani? Kiambishi cha kutendwa kinamruhusu mtenda atajwe kwa “na”, lakini hatajwi. Ukimsukuma muuzaji kidogo, anahama kauli. Mmoja aliniambia kwa simu, “Daktari, bampa lilikwaruzika kidogo, likarekebishika.” Hapo nilimvulia kofia. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda kabisa. Hakuna aliyekwaruza, hakuna aliyerekebisha, bampa limejikwaruzikia lenyewe usiku. Nawasihi wanunuzi warudishe kila kitenzi katika kauli ya kutenda na kumtafutia kiima. Nani alilitunza? Fundi gani, gereji gani, tarehe gani? Tangazo lingine lilijisifu kwamba lilikuwa “gari la daktari”. Mimi ni daktari wa falsafa na sishauri mtu yeyote anunue gari nililolitumia.

Gari lenyewe husema kweli kuliko tangazo, maadamu mtu ajue kulisoma. Kwenye ubavu wa tairi mna tarakimu nne: mbili za juma na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Gari lenye tairi nne za miaka minne tofauti lilikuwa la mtu anayenunua kwa dharura, na ambaye huenda alibadilisha mafuta ya injini kwa mtindo uohuo. Nambari ya bodi ya magari ya Ulaya huwa na herufi na tarakimu 17, na kamwe haitumii I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukikuta mojawapo, mtu ameiandika upya. Porsche huanza kwa WP0. Nambari za Japani ni fupi zaidi, na zina mofimu zake: katika UZZ40 ya Soarer, UZ ni ukoo wa injini na Z40 ni ukoo wa gari. Soma nambari iliyochongwa kwenye chuma, uilinganishe na rekodi za NTSA, na uone pia kama jina la benki au chama cha akiba limo kwenye umiliki. Likiwamo, gari hilo si la muuzaji peke yake.

Ama kuhusu nguvu, sina mengi. Takwimu za kitabuni zimepimwa kwa hewa ya pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, na Nairobi iko karibu mita 1,800. Soarer iliyoandikiwa nguvu za farasi 280 inazipata zote Mombasa, lakini ikifika kwetu hubakiwa na kama 230. Hao farasi wenyewe wataenda wapi? Ile Expressway ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka wa 2022 ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na baada ya hapo ni matuta.

Kilichomwangusha rafiki yangu hakikuwa mwendo wala matuta. Giaboksi ilianza kusita katika gia ya tatu, akaipeleka kwa fundi wa mtaa, mtu mwema na mwenye bidii, ambaye amezitengeneza Corolla zote za walimu wa shule ile. Fundi hakuwa na kompyuta ya kuzungumza na gari hilo. Alifanya alichojua, yaani aliifungua. Spea ilipoulizwa bei, ilikuwa zaidi ya mishahara minne. Simlaumu fundi. Mtu anayetaka gari la aina hii hana budi kumtafuta kwanza fundi anayelijua, amlipe alikague kabla ya kulinunua, na akimkosa katika mji anaoishi, aachane nalo hata likiwa la bure.

Lawama kubwa naitupa kwetu wadhamini na kwa vyama vyetu. Tunamdhamini mtu kwa sababu ya urafiki, kisha akiba zetu hufungwa hadi deni lake liishe. Tuna haki ya kuuliza. Laiti fomu ile ingekuwa na mstari mmoja zaidi, unaomtaka mkopaji aonyeshe, mbali na bei ya gari, fedha nyingine alizoweka kando kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza! Kwa gari la kawaida ningeridhika na sehemu ya kumi ya bei. Kwa gari la kifahari lililozeeka nisingekubali chini ya nusu, na fedha hizo ziwe zake, zisiwe za mkopo mwingine. Najua kuna walimu watakaosema kwamba huku ni kuwanyima raha watu wanaofanya kazi ngumu kwa malipo duni. Ningekubaliana nao lau raha hiyo ingekuwa inalipwa na mwenye kuifurahia peke yake. Mwezi uliopita mdhamini wa tatu, mwalimu wa kike anayemsomesha bintiye mwaka wa pili chuoni, alinyimwa mkopo wa karo kwa sababu akiba yake imelishikilia gari ambalo hajawahi kuketi ndani yake.

Nami? Nimeweka kando nusu ile, kwa miaka mitano, bila kukopa. Jumamosi hii nitakwenda na fundi kulitazama gari moja aina ya Soarer la mwaka wa 2003. Nimemwomba mwenyewe asiliwashe asubuhi kabla hatujafika, kwa kuwa injini yenye ugonjwa hukohoa inapoamka na hunyamaza ikishapata joto. Tutafika saa kumi na mbili unusu. Kabla ya kusema lolote nitaweka kiganja changu juu ya boneti, na nikikuta ina joto, nitamsalimu, nimwulize hali ya watoto, kisha nirudi zangu nyumbani kusahihisha mitihani.