Mlaji Ana Haki ya Kujua Kilichomo Chunguni

Wilaya ya Kilosa ni njia panda. Reli ya Kati inapita hapa, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme iendayo Dodoma nayo inapita hapa. Barabara kuu ya Zambia inakatiza Mikumi, na wapo wageni watokao Unguja kwa ndege ndogo ambao huteremka huko kutazama wanyama. Penye njia panda pana migahawa, na penye migahawa hapakosi maneno juu ya chakula.

Liko neno moja miongoni mwa hayo ambalo limezunguka dunia kwa zaidi ya nusu karne, nasi tunaona wakati umefika liwekwe mahali pake. Husemwa kwamba mapishi ya Wachina yanadhuru, kwa kuwa hutiwa unga mweupe wa kukoleza ladha; kwamba mlaji hupatwa na kichwa kuuma, joto la uso, ganzi shingoni na moyo kwenda mbio.

Neno hilo si dogo kwa wilaya hii wala kwa Visiwani. Huko Rudewa kampuni ya Kichina imekuwa ikilima mkonge kwa zaidi ya miaka 20, na wenyeji wanapata riziki humo. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, inafika Kidatu, mahali inapokomea reli itokayo Kilosa kupitia Mikumi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao wamekuwa wakitibiwa na madaktari wa Kichina tangu mwaka 1964. Haifai tuwe wepesi wa kukituhumu chungu cha watu hao kwa uvumi. Wala haifai tumdharau mwananchi anayesema kwamba chakula fulani hakimpatani. Yote mawili yanataka ukweli.

Unga wenyewe si uvumbuzi wa Wachina. Mwaka 1908, mjini Tokyo, mtaalamu wa kemia Kikunae Ikeda aliuchuja kutoka katika supu ya mwani uitwao kombu, akitafuta siri ya utamu wake. Mwaka 1909 ukaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Wataalamu huuita monosodiamu glutameti. Siku hizi hutengenezwa kwa kuchachusha wanga au molasi ya miwa, miwa kama hii inayolimwa Ruhembe hapa wilayani. Glutameti ya asili imo pia katika nyanya zilizoiva, katika jibini, na hata katika maziwa ya mama.

Shutuma ilianza mwaka 1968, pale daktari Robert Ho Man Kwok, mwenye asili ya China aliyekuwa akiishi Marekani, alipoandika barua katika jarida la tiba la New England. Alieleza kwamba kila alapo katika mikahawa ya Kichina ya nchi ile hupata ganzi shingoni, unyonge na mapigo ya moyo. Hakutoa hukumu, aliuliza tu kama sababu yaweza kuwa sosi ya soya, mvinyo wa kupikia, chumvi nyingi au unga huo. Lakini jarida liliipa barua kichwa cha maneno kilichoyataja maradhi hayo kuwa ni ya mikahawa ya Kichina, na jina likashika. Unga ule ule ulikuwa umejaa katika supu za makopo za viwanda vya Marekani, lakini hakuna aliyesema kuna maradhi ya makopo ya Kimarekani.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1987 kamati ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani haikuona haja ya kuuwekea unga huo kikomo cha kula kwa siku. Mwaka 1995 ripoti iliyotolewa kwa serikali ya Marekani ilikubali kwamba wako watu wachache wawezao kupata dalili hizo, nazo huwa nyepesi na za muda mfupi, wakinywa gramu 3 au zaidi bila chakula. Na kipimo cha kawaida katika sahani moja hakifiki nusu gramu. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya majaribio ambayo mlaji wala mpimaji hakujua ni kipi chenye unga na kipi kisicho nao. Hata wale waliojidai kudhurika hawakupata dalili zile zile kila waliporudia. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikuwa na tahadhari zaidi, ikaweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa ufupi, unga huu si sumu. Lakini kama kila kitu, una kiasi chake.

Hatari ya kweli iko kwingine. Katika sufuria hiyo hiyo ya Kichina huweza kuwamo karanga, kamba, sosi ya chaza, soya, mayai na ngano. Vitu hivyo, kwa mtu mwenye mzio navyo, huweza kuvimbisha midomo na koo, kubana pumzi na hata kuua asipowahishwa hospitali. Sasa tuchukue mtu aliyedhuriwa na karanga, akaambiwa lawama ni ya unga wa Wachina. Ataiepuka mikahawa ya Kichina, akidhani amesalimika, kisha siku moja atakula mchicha wa karanga nyumbani kwa jamaa zake. Hapo uvumi unakuwa umeua. Na mwenye shinikizo la damu atauogopa unga, huku akijimiminia sosi ya soya iliyojaa chumvi.

Kwa hiyo swali la haki si "Mpishi ni wa taifa gani?" Swali ni "Humu mna nini?" Nalo linawahusu wapishi wote, pamoja na wetu wa Mikumi wanaopika kwa vidonge vya mchuzi na viungo vya paketi, ambavyo vingi vina glutameti ile ile. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi Visiwani, swali hilo lina uzito wa pili: mvinyo wa kupikia na mafuta ya nguruwe si jambo la ladha tu. Mlaji akiuliza, ajibiwe kweli. Jibu hilo ni amana.

Tunapenda pia kuwakumbusha ndugu zetu wa Unguja na Pemba kwamba wao wenyewe ni wazalishaji. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na kwingineko tangu mwaka 1989, kazi ambayo wengi wa wanaoifanya ni akina mama, huuzwa ng'ambo kwa ajili ya karajinani, kitu kinachotiwa katika maziwa na aiskrimu ili vishikane. Hicho nacho ni kiongezo cha chakula. Tukizoea kuhukumu viongezo kwa minong'ono, kesho minong'ono hiyo itamfikia mama wa Paje na kamba zake za mwani.

Tunatoa mwito kwa wahusika. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula Bara, na Wakala wa Chakula na Dawa huko Zanzibar, wahakikishe kwamba hakuna kopo wala chupa inayouzwa ikiwa na maandishi ya Kichina peke yake. Mnunuzi asiyeweza kusoma hana tofauti na mnunuzi asiyeambiwa. Mabwana na mabibi afya wa Halmashauri, wanapokagua vyoo na maji ya migahawa, wakague pia kama mpishi anajua kilichomo katika mchuzi wake. Ubao mmoja ukutani, ulioandikwa kwa Kiswahili kwamba chakula fulani kina karanga, kamba, soya au mvinyo, hauhitaji bajeti wala mtaalamu kutoka nje.

Nao wananchi wanaodhurika wasinyamaze wala wasibuni. Waandike walichokula, saa waliyokula na saa iliyoanza kuwauma, wamwonyeshe mganga. Waganga nao wasiwacheke.

Hatuna budi kuwatendea haki wote wawili, mpishi na mlaji. Mpishi asihukumiwe kwa asili yake, na mlaji asilishwe asichokijua. Ubao ule ukitundikwa Mikumi, Kilosa mjini na Darajani, kila mmoja atakuwa amepata haki yake.