Wahunzi Wetu na Mizani ya Wayunani

Vijana wa shule husimuliwa ajabu za Wayunani wa kale, na ni haki wasimuliwe. Heron wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alieleza tufe lililozungushwa kwa nguvu ya mvuke, na chombo kilichotoa maji ya hekaluni mtu alipotia sarafu. Mwaka 1901, katika mabaki ya jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Antikythera, kilipatikana chombo cha magurudumu ya shaba yenye meno, kilichohesabu mienendo ya jua na mwezi. Sina ugomvi na Wayunani. Ugomvi wangu ni na mizani tuitumiayo.

Wasamia, majirani zetu, walichimba mawe ya chuma katika vilima vyao, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyouzwa mbali, hata yakalipwa mahari. Hayo twayaita kazi za mikono. Ng'ambo ya Mto Yala, huko Urewe katika Siaya, vilipatikana vyungu vya kale vilivyotangazwa kwa wataalamu mwaka 1948. Vyungu vya namna hiyo vimeonekana pamoja na mavi ya chuma hata Rwanda na Buhaya. Mwanafunzi wa Khwisero hulijua jina la Antikythera, asilijue la Urewe, ambako angeweza kufika kwa baisikeli.

Hebu tutazame Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria. Mwaka 1976 wazee wa huko, walioiacha kazi ya kuyeyusha chuma tangu ujana wao, walijenga tena tanuri mbele ya wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery. Walichimba shimo wakalijaza matete yaliyounguzwa, wakasimamisha kuta kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani, wakapenyeza mabomba ya udongo mpaka ndani ya moto, wakavukuta kwa saa nyingi. Katika kilichotoka mlikuwa na chuma cha pua. Mwaka 1978 wataalamu hao walitangaza kwamba ustadi huu ulikuwako Buhaya yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Walidai pia kwamba hewa ilipata moto ndani ya mabomba kabla ya kuingia tanurini. Dai hilo wengine wamelipinga, na kupingwa ndiyo heshima ya elimu. Lakini chuma chenyewe kilipimwa.

Atatokea mwenye kusema kwamba matanuri yale yalijengwa kwa dawa na miiko, kwa hiyo si sayansi. Ni kweli, dawa zilifukiwa chini ya tanuri. Basi, chombo cha Heron cha sarafu kilikuwa cha wapi kama si cha hekaluni? Mbona hapo hatutamki neno ushirikina?

Atasema tena kwamba wahunzi hawakuandika. Naam, hapo amesema kweli, na hiyo ndiyo hasara. Heron aliandika, nasi twamsoma baada ya karibu miaka 2,000, ingawa hatuna habari kwamba tufe lake liliwahi kusaga hata kibaba cha nafaka. Jembe la Msamia lililisha nyumba nyingi, na habari zake zimo vinywani mwa watoto na wajukuu wa wahunzi, ambao nao wanazeeka. Hata hivyo likizo hufika, na mwalimu humpa mwanafunzi majina ya Wayunani akayakariri, asimtume Samia kumwuliza mzee mmoja jinsi jembe lilivyofuliwa.