Kupanga Matokeo ni Sehemu ya Jibu

Mtahiniwa, wenzako wengi huamini kwamba kazi ya hifadhidata imekwisha pindi amri ya SELECT inapoleta data. Sikubaliani nao. Matokeo yasiyosomeka ni kazi nusu, hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Chukua mfano wa SQL*Plus, programu ya Oracle inayoendeshwa kwa kuandika amri. Ukiiacha ilivyo, mstari wake hubeba herufi 80 na ukurasa wake huwa na mistari 14. Tuseme jedwali la wanafunzi lina safu ya jina yenye nafasi 60, ya kijiji yenye nafasi 40, na ya deni la ada. Jumla imezidi 80, hivyo rekodi moja hukatika na kuendelea mstari wa chini. Vichwa vya safu navyo hujirudia kila baada ya wanafunzi wachache. Katika vurugu hiyo, mhasibu anaweza kusoma deni la Asha akadhani ni la Juma, na Juma aliyekwisha kulipa akarudishwa nyumbani.

Dawa yake ni mistari minne mwanzoni mwa faili ya amri:

SET PAGESIZE 50
COLUMN jina FORMAT A25 HEADING 'Jina la Mwanafunzi'
COLUMN kijiji FORMAT A15
COLUMN deni FORMAT 9,999,999

A25 huipa safu upana wa herufi 25. Kila 9 ni nafasi ya tarakimu moja, na mkato hutenga maelfu. Namba zikipangwa hivyo, mamoja hukaa chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Angalia tu: ukitoa nafasi chache kuliko tarakimu zilizopo, utaona alama za #### badala ya deni.

Huenda ukasema data ni ile ile. Ni kweli, COLUMN haigusi kilichohifadhiwa. Hubadilisha kinachoonekana tu. Basi huna kisingizio cha kuiacha. Ila matokeo yakienda kusomwa na programu nyingine, vichwa na mikato huweza kuwa kikwazo, hivyo viondoe.

Kabla ya kukabidhi kazi, mwonyeshe mwenzako asiyelijua jedwali lako. Akiuliza, "Deni hili ni la nani?" bado hujamaliza.