Sauti ya Mungu katika kambi za wachimbaji
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa ameeleza vizuri kwamba upatanisho, yaani kurudishwa kwa uhusiano uliovunjwa na dhambi, ni kazi ya Kristo, lakini anapodai kwamba Mungu huwafikia watu kwa mahubiri tu, anaiacha nje historia ya Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo. Huko, katika miaka ya 1950, padri Mfransisko Placide Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mwaka 1945, aliketi na wachimbaji wa shaba pamoja na wake zao, akiwasikiliza, na katika mazungumzo hayo ya Kiswahili likazaliwa kundi la Jamaa, lililosimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, hatua kwa hatua, wakaitwa baba na mama, kwa kuwa umoja wao ulihesabiwa kuwa mahali pa kukutana na Mungu. Hata ndoto zilisimuliwa na kupimwa. Wasomaji wanaoona huo ni ushirikina wakumbuke Yosefu katika Injili ya Mathayo, aliyeelekezwa na Mungu usingizini. Wale ambao wazazi wao walipita katika Jamaa, kutoka Tenke hadi Kolwezi, wayaandike mafundisho hayo wazee wangali hai.