Twiga wa Mkongo anakula nini?

Mara ya kwanza kufika Mkongo nilikuwa nafuata habari ya tembo waliovamia mashamba. Barabara yenyewe unaachana na lami Kibiti, unakula vumbi kuelekea Mloka na geti la Mtemere. Abiria wa Utete walishukia Mkongo kusubiri kivuko. Njiani nilipishana na baiskeli nyingi zimepakia magunia ya mkaa. Habari yangu ikatoka, tembo wakapata kichwa kikubwa, mkaa haukupata hata sentensi moja. Kosa langu, si la mhariri.

Muulize mama yeyote wa Dar, mkaa mzuri ni ule mzito usioisha haraka. Huo hutoka kwenye miti migumu, na mgunga ni mmojawapo. (Sizungumzii miwati ya Njombe, iliyotoka Australia ikapandwa kwa ajili ya magome ya kusindika ngozi, kampuni ya TANWAT ipo tangu 1949. Ile ni zao kama mazao mengine. Mgunga wa Rufiji haukupandwa na mtu.)

Sasa njoo kwa twiga. Katika eneo lote lililoitwa Selous, twiga wapo kaskazini ya mto Rufiji tu, ng'ambo ya kusini hakuna. Kwa hiyo Mkongo iko upande wa twiga, Utete upande wa pili. Na chakula chake kikubwa ni majani ya migunga, anayachomoa katikati ya miiba kwa ulimi wa karibu sentimita 45. Maganda yakidondoka, swala wanaokota. Tembo naye anayala, na mbegu zikipita tumboni mwake zinaokoka na wadudu wanaozitoboa, zinaota mbali na mti mama. Yaani huyu huyu tunayemlaani shambani ndiye mpanda migunga wetu!

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Safi sana. Lakini mgunga ulio kwenye ardhi ya kijiji, nje ya mpaka, unalindwa na nani? Ukimuua twiga unafungwa, ni mnyama wa taifa. Ukimkatia chakula chake, mradi una kibali, unapewa risiti.

Najua mtaniuliza, watu wa Mkongo nao wale nini? Swali la haki. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba Rufiji na Kibiti, na mtu aliyepoteza mpunga wote hawezi kukaa tu akingoja msimu mwingine. Anachoma mkaa. Simlaumu. Mkakati wa serikali unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, ila mpaka huo mwaka ufike, migunga mingapi itakuwa imelala?

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Majirani zetu wa Kilwa wamefanya hivyo kwa mpingo, na mwaka 2009 walipata cheti cha kimataifa. Vijiji vya barabara ya Mloka navyo vitenge migunga wanakopita wanyama, mkaa utoke kwenye miti mingine kwa zamu, na ushuru ubaki kijijini.

Juzi nimenunua gunia hapa mtaani. Muuzaji akaniambia, "Huu wa Rufiji, kaka, hauna mchezo." Nikalipa. Sikumuuliza ni wa mti gani.